Batwing: supahiro wa Kongo ambaye Kongo haimujui

Mwaka 2011, kampuni ya Marekani DC Comics, ile inayochapisha hadithi za Batman na Superman, ilitoa bede mpya yenye shujaa Mukongomani. Jina lake ni David Zavimbe. Mchana ni polisi. Usiku anavaa nguo ya chuma yenye mabawa na kuitwa Batwing. Na zamani, kabla ya hayo yote, alikuwa mtoto askari.

Hadithi hiyo ilitoka kila mwezi kwa karibu miaka 3. Ilisomwa Marekani, Ulaya na kwingineko. Huku mashariki, fasi ambako wazazi wengi wanajua maana ya mtoto kuchukuliwa na wenye silaha, jina la Batwing halitajwi sana. Kitabu kiko kwa Kiingereza, na hakiuzwi kwenye meza za vitabu za Goma sawa vile vitabu vya shule au Biblia.

Juu ya nini basi kuzungumzia kitabu cha mashujaa wa kubuni, wakati inchi ina shida za kweli? Sababu ni kwamba watoto wanaona hawa mashujaa kila siku: kwenye simu, kwenye mifuko ya shule, kwenye T-shati za mitumba sokoni. Wanajifunza humo nani anaweza kuokoa watu na nani wa kuokolewa. Wakati hadithi yenyewe inasema ni ya Kongo, ni vizuri Wakongomani waisome kwa macho yao wenyewe, waseme wapi inagusa ukweli na wapi inapita pembeni.

Hadithi inasema nini?

David Zavimbe na ndugu yake Isaac wanabaki mayatima baada ya wazazi wao kufa kwa ukimwi. Wanaangukia mikononi mwa kiongozi wa kivita anayeitwa Jenerali Ayo Keita. Anawafanya askari wangali wadogo, na kwa sababu wanapigana vizuri, anawapenda. Siku moja David anakataa kuua watu wasio na hatia. Keita anamuadhibu kwa kumukata Isaac kwa panga. David anatoroka, anapelekwa kwenye makao ya watoto, na huko anakutana na mtu mzima anayeitwa Matu Ba, ambaye anamusaidia kuwa mtu tena.

Akishakuwa mkubwa, David anaingia polisi katika muji wa Tinasha. Anakuta rushwa imejaa, na wakubwa wake wanafunga macho. Hapo Batman anafika. Wakati ule, katika hadithi za DC, Batman alikuwa anazunguka dunia akichagua mtu mmoja kwa kila inchi apigane na uhalifu kwa jina lake. Kwa Afrika anamuchagua David, anamupa nguo, silaha na kompyuta.

Adui wa kwanza ni mtu mwenye panga anayeitwa Massacre. Anaua mmoja mmoja mashujaa wa zamani wa kikosi kinachoitwa The Kingdom, ambao miaka ya nyuma walipigana na dikteta, kisha wakatoweka. Mwishoni msomaji anajua Massacre ni nani: ni Isaac, yule ndugu aliyedhaniwa amekufa.

Namna vitabu hivi vinavyotengenezwa

Msomaji wa Kongo amezoea bede za namna ya Ubelgiji na Ufaransa: kitabu kimoja kikubwa chenye jalada gumu, kurasa 46 au 48, hadithi yenye mwanzo na mwisho. Wamarekani wanafanya tofauti. Kila mwezi wanatoa kijitabu chembamba chenye kurasa kama 20 za hadithi. Kinakatika pale pale moto unapowaka, ili mtu arudi kununua mwezi ujao. Baadaye matoleo kama 6 yanakusanywa kuwa kitabu kimoja. Hivyo ndivyo vitabu ambavyo mtu anakuta katika maktaba au anavyotumiwa na ndugu aliye nje.

Batwing ilianza Septemba 2011 na kufika toleo la 34 mwaka 2014. Imekusanywa katika vitabu 5. Cha kwanza kinaitwa The Lost Kingdom, cha pili In the Shadow of the Ancients, cha tatu Enemy of the State. Mwandishi wa matoleo ya mwanzo ni Mmarekani Judd Winick, na mchoraji wa matoleo ya kwanza ni Ben Oliver. Vitabu viwili vya mwisho vina mambo mengine, yataelezwa hapa chini.

Ni muhimu kujua utaratibu huu kwa sababu unaeleza kasoro moja ya vitabu hivi. Hadithi iliyoandikwa ikatwe kila kurasa 20 inapenda mapigano. Haina muda wa kukaa na mtu akiwa kimya. Matu Ba, ambaye ndiye aliyemuinua David kutoka shimoni, anapata kurasa chache kuliko panga la Massacre.

Kinachostahili sifa

Tuanze na mazuri, maana yapo.

La kwanza ni michoro. Ben Oliver anachora nyuso za watu weusi kwa uangalifu. Kila mtu ana sura yake, umri wake, uchovu wake. Kwa miaka mingi bede za nje zilimuchora Mwafrika kama sura moja tu: midomo mikubwa, macho ya kushangaa. Mfano unaojulikana zaidi ni Tintin au Congo ya Mbelgiji Hergé, iliyoanza kutoka gazetini mwaka 1930. Mukongomani mmoja aliyekuwa anaishi Ubelgiji, Bienvenu Mbutu Mondondo, alikipeleka kitabu hicho mahakamani Brussels kuanzia 2007, akisema kina ubaguzi. Mwaka 2012 mahakama ilikataa ombi lake. Mtu akiweka Tintin na Batwing mezani pamoja, anaona njia iliyotembewa.

La pili ni zito zaidi. Hadithi inasema wazi kwamba mtoto aliyebeba silaha anaweza kurudi na kuwa mtu wa kutegemewa. Hili si jambo dogo. Katika vijiji vingi, mtoto anayerudi kutoka kwa wenye silaha anapokelewa kwa mashaka. Wenzake wanamuogopa, majirani wanamwita majina, wazazi wa wengine hawataki akae karibu na watoto wao. Mara nyingi, mutoto anayesukumwa hivyo anarudi porini, kwa sababu kule angalau wanajua jina lake. Bede inayomuweka mtoto kama huyo kuwa shujaa mkuu, na si jambazi wa kupigwa risasi kwenye ukurasa wa tatu, inafungua mlango wa mazungumzo.

La tatu ni Isaac. Ndugu wawili, utoto mmoja, jeraha moja. Mmoja alipata Matu Ba, mwingine hakupata mtu. Kitabu hakihubiri juu ya hili, lakini msomaji mwenye akili anaelewa: tofauti kati ya shujaa na muuaji haikuwa damu wala kabila. Ilikuwa nani alikuwepo siku mtoto alipotoka porini.

Fasi ambapo kitabu kinakosea

Sasa upande wa pili. Hadithi inasema inapita Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, lakini Tinasha haiko kwenye ramani yoyote. Mwandishi ana haki ya kubuni muji, Gotham ya Batman nayo haipo. Shida ni kwamba Gotham inafanana na muji wa Marekani hata bila kuwepo: mitaa, polisi, magazeti, matajiri wake. Tinasha haifanani na fasi yoyote ya Kongo.

Angalia majina. Keita ni jina la Mali na Guinea. Ba ni jina la Senegal. Mtu wa Kivu akiyasoma anajua mara moja kwamba hawa hawatoki huku. Ni sawa vile hadithi ya Ufaransa ambamo wanakijiji wote wanaitwa kwa majina ya Warusi.

Mtoto wa Kalengera, kwenye barabara ya Goma kuelekea Rutshuru, akifungua kitabu hiki atatafuta vitu anavyovijua. Atatafuta volkeno zinazoonekana kwa mbali, migomba, chukudu inayoshuka na mzigo, mpaka wa Hifadhi ya Virunga, mama anayetoka shamba na jembe begani. Atatafuta kizuizi barabarani na ile hesabu ya kimya kimya ambayo kila msafiri anaifanya kabla ya kukifikia. Hatavikuta. Atakuta Afrika ya jumla, yenye vumbi na majumba, ambayo ingeweza kuwa fasi yoyote.

Tena kuna maswali ambayo hadithi haiulizi. Silaha za Keita zinatoka wapi? Nani ananunua anachokichimba? Nani ana faida vita isipokwisha? Katika bede, ubaya ni wa mtu mmoja mwenye sura mbaya, na dawa yake ni ngumi. Huku watu wanajua mambo yana mizizi mirefu kuliko hiyo.

Na wasichana wako wapi? Katika hadithi ya David, mtoto askari ni mvulana mwenye bunduki. Katika ukweli wa mashariki, wasichana nao wanachukuliwa: wanabeba mizigo, wanapika, wanapigana, wanafanywa wake za watu kwa nguvu. Wengi wao wanarudi na mtoto mgongoni, na aibu inawangoja nyumbani. Shujaa wao bado hajachorwa na DC Comics.

Haki bila mabawa

Jambo moja linastahili kuwekwa kando ya kitabu. Tarehe 14 Machi 2012, wakati Batwing ilikuwa bado inatoka kila mwezi, Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu, CPI, huko La Haye, ilimukuta Thomas Lubanga na hatia ya kuandikisha na kutumia watoto wa chini ya miaka 15 katika vita vya Ituri, mwaka 2002 na 2003. Ilikuwa hukumu ya kwanza kabisa ya mahakama hiyo tangu iundwe. Mwezi Julai 2012 alipewa kifungo cha miaka 14.

Nyumbani pia sheria ipo. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumuingiza mtu wa chini ya miaka 18 katika jeshi, polisi au kikundi cha wenye silaha. Kifungu cha 187 kinatoa adhabu ya miaka 10 hadi 20 ya kifungo.

Hapo kuna tofauti kubwa kati ya bede na maisha. Katika bede, Keita anaogopa mtu mwenye mabawa. Katika maisha, Lubanga alifikishwa kizimbani kwa maneno ya mashahidi, karatasi, picha za video na miaka ya subira. Haivutii macho sana, lakini ndiyo njia iliyofika.

Mradi umeisha

Wakaaji wa Kivu wanalijua vizuri neno mradi. Gari linakuja, kibao kinasimikwa, watu wanafundishwa, T-shati zinagawiwa. Halafu siku moja mfadhili anabadili mpango, kibao kinabaki peke yake kando ya barabara.

Batwing wa Kongo aliisha namna hiyo hiyo. Mwaka 2013, kwenye toleo la 19, David Zavimbe anaacha kazi. Nguo inapewa kijana mwingine, Luke Fox, Mmarekani, mtoto wa Lucius Fox, yule tajiri wa teknolojia anayefanya kazi na Batman. Hadithi inahama Afrika, inaenda Gotham. Vitabu viwili vya mwisho ni vya Luke. Na mfululizo wa televisheni Batwoman, ulioanza 2019, ulipotaka kumuonyesha Batwing, ulimuchukua Luke Fox. Leo mtu akisema Batwing, wengi wanafikiria yule wa Amerika.

Ndani ya hadithi, sababu inatolewa. Lakini msomaji wa huku atajiuliza: kumbe nguo haikuwa yake? Kweli haikuwa yake. Tangu siku ya kwanza ilikuwa mali ya Batman. David hakuwa na nguvu za mwilini, hakuwa na karakana, hakuwa na pesa. Alipewa. Na anayepewa anaweza kunyang'anywa.

Wakanda na mawe ya Rubaya

Kinyume cha Batwing ni Black Panther wa kampuni ya Marvel. Huyu alitokea mara ya kwanza mwaka 1966, katika toleo la 52 la Fantastic Four, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby. Mfalme T'Challa hapokei nguo kutoka kwa tajiri wa nje. Inchi yake, Wakanda, ina madini ya kubuni yanayoitwa vibranium. Inayamiliki yenyewe, inayachimba yenyewe, na imeyajengea sayansi inayoipita ya dunia nzima. Filamu ya 2018 ilifanya jina hilo lijulikane hadi vijijini.

Mtu wa Masisi hawezi kusikia habari ya vibranium bila kufikiria koltani ya Rubaya. Koltani inatoa tantali, madini yanayotumika kutengeneza vipande vidogo vya kuhifadhi umeme ndani ya simu na kompyuta. Jiwe ni la kweli, na dunia inalihitaji kweli. Lakini anayelichimba kwa nyundo na sululu hana hata umeme nyumbani. Wakanda ni ndoto ya inchi ambayo jiwe lake halikugeuka laana. Ndiyo maana hadithi hii ya kubuni inauma kuliko nyingine: inaonyesha kitu ambacho kingewezekana.

Lakini Wakanda nayo isomwe kwa macho wazi. Usalama wake ulitoka kwa kujificha na kufunga mipaka, na uongozi wake ni wa mfalme mmoja. Mwandishi Mmarekani mweusi Ta-Nehisi Coates, alipoanza kuandika Black Panther mwaka 2016, aliingia hapo hapo: raia wanaasi, na mfalme analazimika kujiuliza kama mtu mmoja, hata akiwa mwema, ana haki ya kuamua kwa wote. Kitabu hicho kinaitwa A Nation Under Our Feet. Kwa msomaji mkubwa, ni bora kuliko filamu.

Jirani Uganda, mkono wa Mukongomani

Kuna bede nyingine iliyokaribia zaidi ukanda huu. Inaitwa Unknown Soldier, ilitoka kati ya 2008 na 2010, matoleo 25, chini ya Vertigo, tawi la DC kwa watu wazima. Mwandishi ni Joshua Dysart, mchoraji mkuu ni Mwitaliano Alberto Ponticelli. Inapita kaskazini mwa Uganda mwaka 2002, wakati wa vita vya LRA. Daktari wa Uganda, Moses Lwanga, amerudi kutoka Marekani kusaidia watu, na siku moja anajikuta anaua. Anaharibu uso wake mwenyewe, anaufunga bandeji, anaingia porini.

Dysart alisafiri Uganda kabla ya kuandika, na inaonekana. Inchi ina majina yake, barabara zake, kambi zake. Tena kitabu hakimusifu Moses. Kila anapoua ili kuokoa watoto, msomaji anaona wale anaowapiga nao ni watoto. Hapo bede inauliza swali ambalo Batwing inalikwepa: utapiganaje na jeshi la watoto?

Wakaaji wa Haut-Uele hawahitaji kuelezwa. Kitabu kilikuwa kimeanza tu kutoka, Desemba 2008, LRA hao hao waliposhambulia vijiji vya Kongo wakati wa Noeli na kuua mamia ya watu.

Na kuna jambo la kujivunia: matoleo ya 13 na 14 ya bede hiyo yalichorwa na Mukongomani, Pat Masioni, ambaye pia alichora Rwanda 1994, kitabu juu ya mauaji ya kimbari.

Mtoto wa Beni

Baada ya mabawa na bandeji, kuna kitabu kimoja kisicho na supahiro hata mmoja, na ndicho kinachostahili kusomwa kwanza. Kinaitwa Child Soldier, kilitoka Canada mwaka 2015. Kiliandikwa na Michel Chikwanine pamoja na Jessica Dee Humphreys, na michoro ni ya Claudia Dávila.

Michel ni mtoto wa Beni. Mwaka 1993, akiwa na miaka 5, alikuwa anacheza mpira na wenzake waasi walipowachukua. Anaeleza namna alivyolazimishwa kumuua rafiki yake, akiwa amefungwa macho. Aliponyoka, akarudi nyumbani, na baadaye akafika Canada, ambako amekuwa akisimulia hadithi yake mashuleni.

Kitabu ni kifupi. Damu haionyeshwi ovyo, maana kilitengenezwa kisomwe na watoto. Hakuna adui anayepigwa ngumi mwishoni. Kuna mtoto anayekimbia kwenye miti, kuna baba anayemungoja, na kuna usiku mwingi ambamo kumbukumbu inarudi. Ukikiweka kando ya Batwing, unaelewa kitu ambacho DC haikukiona: kutoroka ndiyo kitendo cha ushujaa. Mtoto wa miaka 5 aliyekimbia peke yake hakuwa na nguo ya chuma.

Kongo ina wachoraji wake

Isidhaniwe kwamba bede ni kitu cha wageni. Kongo ni moja ya inchi za Afrika zenye historia ndefu katika kazi hii. Mwaka 1968, Kinshasa, kulitokea gazeti la vijana lililokuja kuitwa Jeunes pour Jeunes. Humo raia walimupenda Apolosa, polisi wa kuchekesha aliyechorwa na Boyau, na lugha ilikuwa ile ya barabarani.

Mwaka 1990, mchoraji Papa Mfumu'Eto wa Kwanza alianza kuuza vijitabu vyake vya Kilingala kwenye masoko ya Kinshasa. Hadithi yake iliyopata jina kubwa ni ya mtu anayegeuka nguma, nyoka mkubwa, anamumeza mwanamke na kutapika pesa. Watu wengi waliisoma kama fumbo juu ya utawala wa Mobutu. Wazungu wangeiita hadithi ya maajabu. Kinshasa waliiona kama habari ya mtaa. Hii ndiyo maana ya hadithi za kubuni zikiwa na nguvu: zinasema kile ambacho gazeti haliwezi kusema.

Mashariki ilitoa Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani mwaka 1959, ambaye amechapishwa na nyumba kubwa za vitabu za Ufaransa. Bede yake Madame Livingstone, ya mwaka 2014, aliyoifanya na Christophe Cassiau-Haurie, inapita kwenye Ziwa Tanganyika wakati wa vita vya kwanza vya dunia, Wabelgiji walipokuwa wanawinda meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Meli hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Liemba upande wa Tanzania. Soma kitabu hicho uone tofauti: ziwa ni ziwa, mwanga ni mwanga wa huku.

Na majirani hawakulala. Kenya wana Shujaaz, bede ya bure kwa Sheng iliyoanza 2010. Shujaa wake, Boyie, hana mabawa. Ana redio ya kificho aliyoitengeneza chumbani kwake, na kwayo anazungumza na vijana wenzake. Kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya Emmy mwaka 2012. Mwaka 2023, filamu fupi 10 za Waafrika juu ya wakati ujao zilitolewa pamoja kwa jina la Kiswahili: Kizazi Moto. Waganda na Wakenya wamo.

Maswali matano kwa anayesoma

Kusoma bede na kuihakiki si kazi ya maprofesa tu. Mwalimu, mzazi au kikundi cha vijana kinaweza kuanza na maswali haya.

Moja: nani aliandika, nani alichora, na alifika huko anakoeleza?

Mbili: ukiondoa jina la inchi, je, hadithi ingeweza kupita fasi nyingine bila kubadilika? Kama ndiyo, inchi hiyo ni pambo tu.

Tatu: nani anaokoa na nani anaokolewa? Raia wa kawaida, mama wa soko, mwalimu, wanafanya kitu, au wanakimbia tu na kupiga kelele?

Ine: nguvu za shujaa zinatoka wapi, na nani anaweza kuzichukua?

Tano: adui alikuwa nani kabla hajawa adui?

Halafu kuna onyo. Batwing na Unknown Soldier vina panga, damu na maiti. Si vitabu vya mtoto wa shule ya msingi. Na kwa mtoto aliyeona mambo hayo kwa macho yake, picha moja inaweza kurudisha kila kitu. Asilazimishwe kusoma wala kueleza mbele ya wengine. Akisukuma kitabu pembeni, kiachwe. Akitaka kuongea, mtu mzima akae naye, asikilize, asimukatize.

Vitabu ni vichache na bei ni kali, lakini kitabu kimoja kinaweza kufikia watu wengi: mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anaeleza picha, wengine wanasikiliza na kubishana. Na karatasi tupu na kalamu havihitaji mfadhili. Tinasha ilibuniwa na watu ambao hawakuishi huku. Kalengera ipo, na watoto wake wanajua rangi ya udongo wake, sauti ya mvua kwenye mabati yake, na majina ya waliobaki na wale waliorudi. Hadithi ya mtoto aliyerudi nyumbani, ikichorwa na mtu wa barabara hiyo, haitakuwa na mwisho unaoamuliwa na ofisi ya Amerika.